Mfereji wako unakunywa mto gani?

Ukifungua mfereji pale Buruburu au Umoja, msomaji, maji yanayotoka yamesafiri mbali. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994. Likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Lisipojaa unajua mwenyewe: maji ya mgao, na mtungi wa mwenye mkokoteni kupanda bei.

Ndipo likachimbwa handaki la kilomita 11.8 chini ya miteremko ya milima ya Aberdare, kuteka maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyaelekeza Ndakaini. Mwaka wa 2015 Raila Odinga, wakati huo kiongozi wa upinzani, alidai kwamba handaki hilo lingeifanya Murang'a kuwa jangwa. Serikali ikakana, ikisema yatachukuliwa maji ya mafuriko peke yake. Wakubwa wakarushiana maneno, na jambo lenyewe likapotelea katika siasa.

Mto wa mlimani una maji ya aina mbili. Yako ya masika, mekundu kwa udongo, yanayoporomoka kwa kishindo kuelekea Tana. Na yako yale haba ya kiangazi, yanayochujika polepole kutoka udongo wa msitu, chini ya mianzi na ukungu. Hayo haba ndiyo uhai wa nduma, ng'ombe na jiko la mkulima aliye bondeni.

Kwa mujibu wa mpango, vizuizi vilivyojengwa mitoni huacha kwanza kiwango maalum kiendelee na safari yake, kisha kinachozidi huingia handakini. Mpango huo ni mzuri, sina ubishi. Lakini kiangazi ndicho kipindi Nairobi hulia kiu zaidi, na kishawishi cha kuteka zaidi ya haki huwa kikubwa. Mkulima huyo anastahili kukiona kipimo kwa macho yake, kama wewe unavyoiona mita ya maji nyumbani kwako.

Msitu nao? Ua la umeme la takriban kilomita 400, lililokamilika mwaka wa 2009, huzuia ndovu wasivamie mashamba na wakata miti wasiingie ovyo. Msitu ukiisha, hata hayo maji haba ya kugombania hayatakuwepo.

Na lile bomba lililopasuka kando ya barabara mtaani kwenu, ambalo watoto huliruka wakienda shule, huenda linamwaga maji ya Irati.