Jiko Hili Linatoa Moshi Kiasi Gani?

Ufikapo mwezi wa Juni, baridi kali hushuka katika nyanda za Njombe, Makete na Mufindi, na jiko huwa ndicho chumba kinachopendwa kuliko vyote nyumbani. Baba arudipo shambani huvuta kigoda karibu na moto. Watoto hukaa kando na madaftari yao. Bibi naye hujifunika blanketi papo hapo mpaka usiku. Wote hao huvuta moshi mmoja. Lakini atokeapo fundi sokoni na majiko mapya, swali analoulizwa ni moja tu: linakula kuni kiasi gani? Ni wachache waulizao: linatoa moshi kiasi gani? Leo twataka kulishika swali hilo la pili, kwa sababu watu wengi hudhani ya kwamba mtu akijibiwa la kwanza amejibiwa na la pili. Sivyo.

Jiko laweza kupunguza kuni kwa njia mbili. Njia moja ni kuziunguza kuni vizuri zaidi. Njia ya pili ni kulipeleka joto penye sufuria lisipotee pembeni, na hii ndiyo iliyo rahisi kwa fundi. Ukiyazungushia mafiga ukuta wa udongo, upepo hauupeperushi moto tena, joto lapanda juu, na mzigo wa kuni wakaa siku nyingi kidogo kuliko zamani. Hiyo ni faida kubwa, wala hatuidharau. Mama aendaye porini na panga kutafuta kuni ajua thamani yake. Lakini moto wenyewe ndani ya ukuta ule waweza kuwa ni uleule, wenye moshi uleule. Wala si ajabu jiko lenye kinywa chembamba mno, lisilopata hewa ya kutosha, likapunguza kuni na huku likaongeza moshi.

Jirani zetu wa Kenya wameliona jambo hili. Katika miaka ya 1980 lilienea huko jiko la kuni lililoitwa Maendeleo, kwa jina la shirika la Maendeleo ya Wanawake. Lilikuwa ni pete ya udongo iliyochomwa kama chungu, ikajengewa kwa mawe na matope palepale jikoni. Lilisifiwa kwa kuokoa kuni, na sifa hizo zilikuwa za haki. Lakini halikuwa na dohani, na moshi wake ulibaki mle mle chumbani.

Moshi ni nini basi? Twaona vema tulieleze hili, kwani atakayelielewa hatadanganywa na mchuuzi yeyote. Ukuni ukishikwa na moto hauungui wote mara moja. Kwanza hutoa maji yaliyomo ndani yake. Kisha hutoa mvuke na mafuta, na hivyo ndivyo vinavyowaka na kuonekana kama ulimi wa moto. Mwisho hubaki kaa. Sasa ule mvuke wa katikati ukikutana na hewa ya kutosha penye joto kali, huungua wote na kugeuka kuwa joto. Ukigusa kitu baridi kabla ya kuungua, mathalani tako la sufuria au ukuta wa udongo mnene ambao haujapata moto, hupoa na kutoka kama moshi. Kwa hiyo moshi ni kuni ambazo hazikuungua. Pamoja nao hutoka hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na kwa sababu hiyo macho hayailii.

Watu hufa kwa hayo. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kwamba katika mwaka wa 2020 peke yake watu milioni 3.2 walikufa kwa maradhi yaliyotokana na hewa chafu ya majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Maradhi yenyewe ni nimonia kwa watoto. Kwa wakubwa ni maradhi ya moyo, kiharusi, mapafu yaliyochoka na saratani ya mapafu. Shirika hilo liliweka mwaka 2021 kipimo cha hewa salama: chembe ndogo za moshi zisizidi, kwa wastani wa mwaka, maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Jikoni penye mafiga matatu na dirisha moja chembe hizo huhesabiwa kwa mamia.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Kirk Smith, aliyefariki mwaka 2020, ndiye aliyekuwa wa kwanza kati ya wachache kuupima moshi huu katika vijiji vya India mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo wakubwa wengi walidhani hewa chafu ni habari ya viwanda na magari ya mijini. Baadaye yeye na wenzake waliwapa watu wa milima ya Guatemala, nchi ya baridi kama Makete yetu, majiko ya kuni yenye dohani, wakawapima watoto wao na watoto wa nyumba zilizobaki na moto wa wazi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Hewa ya sumu waliyovuta watoto wa majiko mapya ilipungua kwa nusu, na nimonia iliyo kali ilipungua kwa theluthi moja. Lakini nimonia kwa jumla, kali na nyepesi pamoja, haikuonekana kupungua kiasi cha kutosha kuwaridhisha wenye kupima.

Kisha kukawa na jaribio la pili, karibu zaidi na kwetu, katika wilaya za Chikhwawa na Karonga nchini Malawi. Huko walihesabiwa watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya nyumba zilipewa majiko ya kuni yenye feni ndogo ya kupulizia hewa, iliyotiwa nguvu kwa umeme wa jua. Ni jiko zuri, na likipimwa katika maabara moshi wake ni mdogo sana. Hata hivyo taarifa iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2016 ilisema ya kwamba nimonia haikupungua hata kidogo. Wataalamu walitoa sababu kadhaa: takataka huchomwa uani, mioto mingine ya jirani haikuzimwa, majiko yenyewe huharibika. Wako waliosikia habari hiyo wakasema basi majiko haya ni upuuzi mtupu. Sisi hatuoni hivyo. Twaona ya kwamba jiko jipya likiwekwa kando ya mafiga ya zamani, na yote mawili yakawaka, hewa ya chumba haijui lipi ni jipya.

Haya, tuje kwenye kuchagua.

Kwanza tazama ndani ya jiko, mahali moto unapokaa. Katika miaka ya 1980 Larry Winiarski, mhandisi wa Marekani aliyefanya kazi na kituo cha Aprovecho katika jimbo la Oregon, alibuni jiko ambalo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wameliiga, hata kama hawajapata kulisikia jina lake. Umbo lake ni kama kiko cha tumbaku: kuni huingia kwa chini, moto hugeuka na kupanda katika njia fupi ya wima, ndipo hukutana na sufuria. Kuni hazilali chini sakafuni. Hulala juu ya kibao cha chuma, ili hewa ipite chini yake na kufika kwenye makaa ikiwa nzima. Kuta za ile njia ni nyepesi, nazo huhifadhi joto badala ya kulinyonya, kwa hiyo mvuke wa kuni hupata muda na joto la kuungua kabla ya kuligusa tako la sufuria. Jiko lisilo na njia hiyo ya wima, ambalo sufuria yake inakaribia kulalia kuni, litatoa moshi hata kama limepakwa rangi ya kupendeza.

Pili, uliza moshi unaobaki unakwenda wapi, kwani hakuna jiko la kuni lisilo na moshi kabisa. Dohani ndiyo jibu, nayo ina masharti yake. Ipande juu kuliko kipaa cha nyumba, vinginevyo upepo utaurudisha moshi ndani. Isipite karibu na nyasi au mbao bila kinga. Isafishwe, maana masizi yakijaa huziba, na jiko huanza kutapikia mdomoni. Tuseme pia ya kwamba dohani haiuondoi moshi duniani. Yautoa chumbani na kuupeleka uani. Penye nyumba zilizosongamana waweza kuingia dirishani kwa jirani, na hapo ndipo uzuri wa moto wenyewe unapotakiwa.

Sasa iko shida moja ya nyanda za juu ambayo wauzaji wengi kutoka miji ya pwani hawaifikirii. Mtu wa Dar es Salaam ataka jiko lipike kisha lipoe upesi. Mtu wa Makete ataka limpikie na kumpasha moto. Jiko jepesi la bati lililo zuri kwa moshi halitoi joto la kutosha chumbani. Basi baada ya mlo wenyewe huwasha mafiga kando, na faida yote yaangamia usiku uleule. Kwa nyumba za namna hii twaona lifaalo ni jiko la kujengwa: ndani njia ya moto iliyo nyepesi, nje mwili mzito wa matofali na udongo, na dohani. Mwili ule hushika joto polepole na kulitoa kwa saa nyingi baada ya kuni kwisha. Wengine huona njia fupi, huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango wakalala. Habari za jamaa nzima kukutwa wamekufa asubuhi kwa sababu hiyo si ngeni masikioni mwetu. Mkaa hautoi moshi wa kuonekana, lakini ile kaboni monoksaidi yautoka kwa wingi.

Tena kuna dari. Wazee wetu walitundika mahindi ya mbegu juu ya meko ili moshi uwafukuze fukusi, na haikuwa ujinga, ilifanya kazi. Ukiuondoa moshi lazima uipe mbegu ulinzi mwingine. Mahindi yaliyokauka vema yakitiwa katika mifuko isiyopitisha hewa, au katika kihenge cha chuma kinachofungwa sawasawa, fukusi hukosa pumzi. Asiyejipanga kwa hilo atarudi kwenye moshi msimu wa kwanza wa mavuno, nasi hatutamlaumu.

Kuhusu kuni zenyewe twaweza kusema mengi, lakini neno kubwa ni maji. Mti uliokatwa leo waweza kuwa karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kuyageuza maji yanayochemka kuwa mvuke hutaka joto zaidi ya mara sita ya lile la kuyachemsha tangu yalipokuwa baridi, na joto hilo lote laibwa kwenye moto wako. Zichanje kuni ziwe nyembamba, uzipange chini ya paa, mbali na ardhi, upepo upite kati yake, nazo zikae miezi. Kavu hulia zikigongwa, nazo hupasuka nchani. Muwati ukikauka huwaka vizuri sana. Msindano mbichi wenye utomvu ni masizi matupu. Na usiujaze mdomo wa jiko. Vijiti vichache vyenye moto mkali, vikisukumwa kadiri viunguavyo, hupika upesi kuliko gogo linalofuka.

Ukikuta jiko la kiwandani, uliza cheti chake. Tangu mwaka 2018 kuna vipimo vya kimataifa vya majiko, navyo hugawa madaraja kuanzia 0 hadi 5, ambapo 5 ndilo bora. Jambo la kuangalia ni hili: daraja la kuokoa kuni hutolewa mbali, na daraja la chembe za moshi hutolewa mbali. Muuzaji hupenda kutaja moja tu, lile la juu. Mwambie ataje lile jingine.

Hatuwezi kunyamaza kuhusu gesi na umeme. Serikali ilizindua mwezi wa Mei 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034, na kwa habari ya moshi jikoni hakuna jiko la kuni litakaloshindana na gesi. Awezaye kujaza mtungi na ajaze. Lakini mwenye shamba la miwati nyuma ya nyumba, ambaye duka la mitungi liko mwendo wa nusu siku, ataendelea kuwasha kuni miaka mingi, na huyo naye ana mapafu.

Tuseme na akina baba kidogo. Fedha za jiko hutoka mfukoni mwa baba, lakini anayekaa mbele yake saa nne kila siku, pengine na mtoto mgongoni, ni mama. Kwa hiyo siku ya kununua usiende peke yako. Nenda naye, mchukue kuni zenu za nyumbani na sufuria yenu ileile ya ugali, na mwambieni fundi aliwashe mbele yenu. Dakika za kwanza kila jiko hutoa moshi. Msilihukumu kwa hizo. Ngojeni robo saa, kisha tazameni kinachotoka juu, na tazameni tako la sufuria kama limeshika masizi mazito. Halafu mama asonge ugali palepale, kwa nguvu zake zote, aone kama jiko linatulia au linayumba, maana jiko linaloyumba huwekwa kando siku ya pili, na mafiga hurudishwa mahali pake.