Gari kuukuu likichemsha, usikimbilie kifuniko

Vijana, pikapu yangu ya zamani ilichemsha mlima Kitonga, nimepakia vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kupeleka Iringa. Kwa haraka nikafungua kifuniko cha rejeta; maji yakaruka, yakaniunguza mkono. Sababu ni hii: ndani ya rejeta kuna presha, hivyo maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, yanalipuka. Zima injini, subiri ipoe kabisa, ndipo ufungue taratibu kwa kitambaa.

Fundi alikuta mpira wa chini umepasuka na rejeta imejaa kutu, maana nilikuwa najazia maji ya mtoni. Siku hizi natumia kulanti, na kabla ya kupakia nakagua mpira na mkanda wa feni. Ukilala njiani, bei ya sokoni haikusubiri.