Kumfundisha Mtoto Kubuni Ulimwengu wa Hadithi: Mchango wa Sinema Katika Somo la Insha

Mwalimu anayesahihisha insha za kubuni za darasa la tano au la sita hukutana mara kwa mara na jambo moja. Mtoto aliyekulia Makanya au Hedaru huandika juu ya askari aitwaye Jack, anayeruka kutoka ghorofa ya ishirini na kutua juu ya helikopta. Mwandishi hajui ghorofa hiyo imejengwa wapi, wala Jack anakula nini, wala ni nani anayemlipa mshahara. Hadithi hufika ukurasa wa pili, kisha hukatika ghafla, kwa sababu mtoto hana tena la kusema kuhusu mahali asipopajua.

Baadhi ya walimu huandika pembeni kwa wino mwekundu: “Acha mambo ya sinema.” Makala haya yana rai tofauti. Sinema anayoipenda mtoto ni zana ya kufundishia, mradi mwalimu ajue sehemu ipi ichukuliwe na ipi iachwe. Ya kuchukuliwa ni umbo la kisa. Ya kuachwa ni mahali, majina na mavazi. Umbo hilo likipandwa mahali ambapo mtoto anapafahamu, humea na kuzaa hadithi iliyo yake mwenyewe.

Umbo la Kisa

Kila aina ya sinema ina ahadi inayompa mtazamaji. Sinema ya upelelezi huahidi kwamba kuna siri, na kwamba siri hiyo itafichuliwa kwa akili. Sinema ya kutisha husimama juu ya mwiko uliovunjwa. Sinema ya kareti humchukua mnyonge, ikampa mwalimu mkali na mazoezi marefu, kisha ikamkutanisha na aliyemdhulumu. Filamu nyingi za Kihindi husimulia ndugu waliopotezana wakatambuana baadaye kwa wimbo au alama. Sinema za sayansi huleta chombo au madini yanayogeuza maisha ya watu.

Watoto huzijua ahadi hizi hata kama hawawezi kuzitaja. Wamezipata katika vibanda vya video, katika televisheni na katika simu za wakubwa wao. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuwasaidia wazitamke. Usiulize, “Sinema hiyo inahusu nini?” kwa maana utasimuliwa kipindi kizima. Uliza, “Ni jambo gani lisipokuwapo, sinema hiyo haitakuwa tena ya kutisha?”

Waliotutangulia

Njia hii si ngeni kwa watunzi wetu. Elvis Musiba, katika riwaya yake Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alitumia umbo la upelelezi ambalo wasomaji walikwisha kulizoea katika sinema na vitabu vya James Bond. Lakini mpelelezi wake, Willy Gamba, aliingia katika mapambano ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, jambo lililowagusa Watanzania wa siku hizo. Katika miaka ya 2000, mwongozaji Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitengeneza filamu ya kutisha iitwayo Nsyuka. Hakuazima mzuka wa Ulaya. Alichukua jina na habari za kiumbe kinachosimuliwa na Wanyakyusa.

Kwa habari ya kubuni ulimwengu mzima, mwalimu wetu ni Shaaban Robert. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, alibuni nchi inayoelea angani. Tazama matokeo ya kanuni hiyo moja. Wajumbe wa Kusadikika hutumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kwa kuwa nchi iko angani, hata ardhi tunayoikanyaga sisi imekuwa safari ya mjumbe. Hapo ndipo penye siri ya ulimwengu wa kubuni. Hujengwa kwa kubadilisha jambo moja, kisha kulifuata jambo hilo kwa uaminifu hadi mwisho. Aliyerundika maajabu mengi yasiyohusiana hajajenga kitu.

Mfano wa Kwanza: Ndiva

Katika milima ya Upare wakulima wana mabwawa yaitwayo ndiva. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na mchana hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Ndiva ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala, ni mojawapo. Kazi ya kuyasafisha na kuyatengeneza hufanywa kwa msaragambo. Mtoto wa huku hahitaji kufundishwa kwamba maji ni mali, wala kwamba walio juu mlimani huyapata kabla ya walio tambarare.

Tuseme darasa limechagua umbo la upelelezi. Mwalimu aulize maswali manne na kuyaandika ubaoni: Katika nchi yetu ya kubuni, kitu gani ni adimu? Nani hukigawa? Mwiko wake ni upi? Anayeuvunja hulipa nini? Watoto watajibu upesi: maji, mgawa maji, kuchota nje ya zamu, faini na aibu.

Sasa libadilishwe jambo moja. Katika nchi hii, maji ya ndiva hukumbuka. Anayechota nje ya zamu, sura yake hubaki ndani ya maji mpaka mwezi uandame. Waache watoto wafuate matokeo. Mgawa maji atakuwa mtu wa kuogopwa, kwa kuwa kila alfajiri husoma sura za wezi. Vazi la kufunika uso litapigwa marufuku sokoni. Kisha asubuhi moja maji yamepungua nusu, na ndani hamna sura hata moja. Nani ameyachukua?

Jibu sharti litoke katika kanuni ile ile. Huenda ukuta una ufa. Huenda mgawa maji mwenyewe amejifunza kufuta sura. Lakini mtoto akileta helikopta ya kumwaga maji kutoka mbinguni, wenzake watapinga kabla ya mwalimu kufungua kinywa, maana wamekwisha kuijua sheria ya nchi yao. Mabishano hayo ni mafunzo ya mantiki, nayo ni ya thamani kubwa kuliko kusahihisha nukta na mikato.

Mfano wa Pili: Chuma cha Ugweno

Watoto wengi wamesikia habari za Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika iliyoundwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, na iliyosambaa duniani kwa filamu ya Black Panther mwaka 2018. Nguvu ya Wakanda hutokana na madini yasiyopatikana penginepo. Mwalimu asiliache darasa liridhike na kuihamisha Wakanda jinsi ilivyo.

Huko Ugweno, katika Upare ya Kaskazini, mafundi wa ukoo wa Washana waliyeyusha chuma kwa karne nyingi, na chuma hicho kiliuzwa mpaka Uchagani. Masimulizi yaliyochunguzwa na mwanahistoria Isaria Kimambo hueleza kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno kabla ya Wasuya kutwaa madaraka. Hapa pana swali linaloweza kuzaa ulimwengu mzima: nchi itakuwaje ikiwa anayetawala si mwenye jeshi bali mwenye kujua kufua chuma? Mfalme mpya atafanya nini iwapo ana kiti cha enzi lakini hana ujuzi wa moto? Umbo la kisa limetoka katika sinema, lakini mtoto atakayejibu maswali hayo atakuwa ameivuka Wakanda.

Mpango wa Vipindi Vitatu

Kipindi cha kwanza: Wanafunzi, katika vikundi vya watano, wataje sinema waipendayo na watamke ahadi yake kwa sentensi moja. Shabaha ni kutenga umbo na mavazi.

Kipindi cha pili: Kila kikundi kijibu maswali manne kwa kutazama mazingira ya kijiji, kisha kibadilishe jambo moja na kutaja matokeo matano. Wachore ramani ya nchi yao, wakionyesha maji, soko, njia na mpaka.

Kipindi cha tatu: Kila mwanafunzi aandike kisa chake mwenyewe ndani ya nchi hiyo. Ulimwengu ni mali ya kikundi, ila kisa ni cha mtu mmoja. Katika kusahihisha, toa alama kwa kanuni iliyoheshimiwa hadi mwisho, kabla ya kutazama hati na tahajia.

Tahadhari

Kwanza, si kila mtoto ana televisheni nyumbani, na haifai aliyekosa aone haya. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetoa filamu ya mapigano Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, ameeleza kwamba utotoni alizijua sinema kwa kusimuliwa na ndugu zake waliokwenda kuzitazama. Picha alizoziona kichwani zilimtosha kuanzia. Kwa hiyo mtoto aliyetazama asimulie, na asiyetazama asikilize na kuuliza.

Pili, sinema za kutisha zihitaji uangalizi. Nyingi humfanya mwanamke mzee mwenye macho mekundu kuwa mchawi. Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa dhana hiyo hiyo, hali macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mwiko uliovunjwa waweza kuwa na mlinzi asiyefanana na bibi wa mtu yeyote. Darasa litakapompa sura hiyo, mwalimu asimamishe kazi na kuuliza: katika nchi yetu ya kubuni, nani amesema kwamba yeye ndiye mwovu, na alipata faida gani kwa kusema hivyo?

Tatu, mwanachuo anayepelekwa mazoezi ya kufundisha mahali pageni asifike na ulimwengu uliokwisha kujengwa. Ndiva ya Bangalala haitamsaidia mtoto wa pwani ya Ziwa Jipe, ambaye kitu adimu kwake huenda si maji. Siku za kwanza na atembee, aulize ni nani hugawa nini kijijini, na kwa zamu ipi. Majibu hayo ndiyo zana yake ya kwanza, na hayanunuliwi dukani.