Kisomo cha mwili

Kisomo cha mwili ni hali ya mtu kuwa na hamasa, kujiamini, umahiri wa mwili, maarifa na uelewa, vinavyomwezesha kuthamini shughuli za mwili na kubeba mwenyewe wajibu wa kuziendeleza katika maisha yake yote. Dhana hii hutumika katika elimu, afya na michezo.

Jina lake linatokana na ulinganisho na kisomo cha kawaida. Anayejua kusoma anaweza kufungua kitabu asichowahi kukiona na kuendelea kujifunza bila mwalimu. Vivyo hivyo, mwenye kisomo cha mwili anaweza kuingia katika mchezo, ngoma au zoezi jipya bila woga, na kuendelea kujishughulisha miaka mingi baada ya kumaliza shule.

Kisomo cha mwili si sawa na ubingwa wa michezo. Mwanafunzi aliyeshinda medali nyingi shuleni, kisha akaacha kabisa mazoezi alipoanza kazi, anakosa sehemu muhimu ya kisomo hicho. Mwenzake ambaye hakuwahi kuchaguliwa katika timu yoyote, lakini akiwa na umri wa miaka 60 bado anatembea kwa furaha, anaogelea au anacheza ngoma, anacho.

## Asili ya dhana

Maneno haya yaliwahi kutumika Marekani kabla ya katikati ya karne ya 20, lakini maana ya sasa ilijengwa hasa na Margaret Whitehead, mtaalamu wa elimu ya viungo na falsafa kutoka Uingereza. Alianza kuieleza hadharani mwaka 1993, katika mkutano wa kimataifa kuhusu elimu ya viungo na michezo kwa wasichana na wanawake uliofanyika Melbourne, Australia. Mwaka 2010 alihariri kitabu kilichoifafanua kwa upana katika vipindi vyote vya maisha.

Whitehead aliathiriwa na wanafalsafa wa Ufaransa, akiwemo Maurice Merleau-Ponty, waliokataa mazoea ya kumgawa mtu katika akili upande mmoja na mwili upande mwingine. Kwa mtazamo huo, mwili si chombo kinachobeba kichwa kwenda darasani. Mtu huujua ulimwengu kwa kuugusa, kuupanda, kuurukia na kuuzunguka, tangu utotoni. Kutokana na hoja hiyo, Whitehead alipinga elimu ya viungo kuhesabiwa kuwa mapumziko baada ya masomo yanayoitwa ya maana.

## Sehemu zake

Kwa kawaida hutajwa sehemu nne zinazotegemeana:

* '''Hamasa na kujiamini''': mtu anataka kushiriki, anafurahia, na haoni haya kujaribu jambo asilolijua.
* '''Umahiri wa mwili''': mtu ana stadi za mwendo, nguvu, pumzi na wepesi wa kutosha kushiriki katika mazingira mbalimbali, kama vile nchi kavu, majini, penye mteremko au penye watu wengi.
* '''Maarifa na uelewa''': mtu anajua kwa nini mwendo unamfaa, jinsi ya kuanza pole pole, jinsi ya kuepuka majeraha, na kanuni za michezo anayoicheza.
* '''Kushiriki maishani''': mtu anazifanya shughuli hizo kuwa sehemu ya siku zake, bila kushurutishwa.

Mwongozo wa kisomo cha mwili uliotolewa Australia mwaka 2019 unapanga mambo haya kwa njia tofauti kidogo. Unataja nyanja nne, yaani ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya akili. Nyanja ya jamii inahusu mambo kama ushirikiano, uhusiano na wengine na kufuata maadili ya mchezo.

## Stadi za msingi za mwendo

Stadi za msingi ndizo alfabeti ya kisomo cha mwili. Hugawanywa katika makundi matatu:

# Stadi za kwenda: kutembea, kukimbia, kuruka, kurukaruka kwa mguu mmoja, kupanda na kukwepa.
# Stadi za kumiliki vitu: kurusha, kudaka, kupiga mpira kwa mguu, kupiga kwa fimbo au kwa mkono, na kudundisha.
# Stadi za msawazo: kusimama kwa mguu mmoja, kujipinda, kubingirika, na kutua baada ya kuruka bila kuanguka.

Wazazi na walimu wengi huamini kwamba stadi hizi huja zenyewe kwa kadiri mtoto anavyokua. Sivyo kabisa. Kutembea na kukimbia kwa namna fulani huja kwa ukuaji, lakini kurusha vizuri, kudaka au kuruka na kutua salama kunahitaji nafasi, vifaa, mazoezi na maelekezo. Mtoto anayerusha jiwe kwa kusogeza mkono pekee, bila kupeleka mbele mguu wa upande wa pili na bila kuzungusha kiwiliwili, anaweza kukua hadi utu uzima akirusha vivyo hivyo iwapo hakuna aliyemwelekeza. Kama ilivyo kwa samaki, ni rahisi kumkunja angali mbichi.

Mwaka 1980, Vern Seefeldt, mtafiti wa Marekani, alieleza kwamba kuna kizingiti kati ya stadi za msingi na michezo kamili. Asiyejua kudaka hawezi kufurahia netiboli. Asiyeweza kukimbia na kugeuka ghafla hupata shida katika soka. Kwa hiyo asiyekivuka kizingiti hicho mapema hujikuta amefungiwa milango mingi ya michezo.

## Mzunguko wa kujiamini

Mwaka 2008, David Stodden na wenzake walitoa maelezo yanayosaidia kuelewa kwa nini watoto wengine huendelea kujishughulisha na wengine huacha. Watoto wadogo kwa kawaida hujiona hodari kuliko walivyo. Mtoto wa miaka mitano anayekosa mpira mara kumi huendelea kuufukuza akicheka. Lakini anapofika katikati ya utoto huanza kujilinganisha na wenzake, na makadirio yake kuhusu uwezo wake hukaribia ukweli.

Hapo mizunguko miwili huweza kuanza. Mwenye stadi hujiona anaweza, hushiriki zaidi, na kwa kushiriki huongeza stadi na afya. Asiye na stadi hujiona hawezi, hujitenga, na kwa kujitenga huachwa nyuma zaidi. Mtoto anayeitwa mvivu pengine si mvivu. Huenda amekwisha kutambua kwamba akiingia uwanjani atachekwa.

Ndiyo sababu desturi kadhaa za shuleni hukosolewa na watetezi wa dhana hii. Mojawapo ni kuwaacha manahodha wachague timu mbele ya wote, hadi mmoja abaki bila kuchaguliwa. Nyingine ni michezo ya kutolewa, ambamo anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayekaa nje mapema. Kibaya zaidi ni kutumia kukimbia au kuruka kichura kama adhabu, kwa kuwa mtoto hujifunza kwamba mwendo ni mateso.

## Katika vipindi vya maisha

Kisomo cha mwili ni safari isiyo na cheti cha kuhitimu. Kila kipindi cha maisha kina mahitaji yake.

'''Utoto wa mapema'''. Mtoto hujifunza kwa kutambaa, kupanda, kubeba na kucheza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unapendekeza watoto wa miaka 3 hadi 4 wawe katika shughuli za mwili angalau dakika 180 kwa siku, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za nguvu ya wastani au zaidi.

'''Umri wa shule'''. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za nguvu ya wastani hadi kubwa. Kwa mujibu wa WHO, zaidi ya asilimia 80 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma ya wavulana.

'''Utu uzima'''. Watu wazima wanashauriwa kupata dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Kutembea kwa haraka, kuendesha baiskeli, kulima na kucheza ngoma vyote vinahesabika. Shughuli hizo hupunguza hatari ya magonjwa ya moyo, shinikizo la damu, kisukari cha aina ya pili na baadhi ya saratani.

'''Uzee'''. Misuli hupungua kwa umri, na msawazo hudhoofika. WHO inakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wenye umri zaidi ya miaka 60 ndio wanaopata idadi kubwa zaidi ya vifo hivyo. Kwa hiyo wenye miaka 65 au zaidi wanashauriwa kuongeza mazoezi ya msawazo na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Katika umri huu, kisomo cha mwili huonekana katika mambo madogo yenye thamani kubwa, kama vile kuinuka kitini bila kushikwa mkono, kupanda ngazi na kwenda sokoni mwenyewe.

Watu wenye ulemavu wamo katika dhana hii kikamilifu, kwa sababu kipimo ni kukua kwa mtu kulingana na uwezo wake mwenyewe, si kulinganishwa na mwingine.

## Katika sera za nchi

Kanada ni miongoni mwa nchi zilizoipokea dhana hii mapema. Mwaka 2015 mashirika kadhaa ya elimu, afya na michezo ya nchi hiyo yalikubaliana kutumia fasili moja iliyotokana na ile ya Whitehead.

Huko Wales, kikosi kazi kilichoongozwa na Tanni Grey-Thompson, mshindi wa medali 11 za dhahabu za Paralimpiki katika mbio za kiti cha magurudumu, kilipendekeza mwaka 2013 kwamba elimu ya viungo iwe somo la msingi kama lugha, hisabati na sayansi. Katika mtaala mpya wa Wales ulioanza kutumika mwaka 2022, afya na ustawi ni mojawapo ya maeneo sita ya kujifunza.

UNESCO ilirekebisha mwaka 2015 hati yake ya kimataifa ya elimu ya viungo na michezo ya mwaka 1978. Mwaka huohuo ilitoa mwongozo wa elimu bora ya viungo, unaokitaja kisomo cha mwili kuwa msingi wake.

## Afrika Mashariki

Jina la dhana hii ni geni Afrika Mashariki, lakini michezo ya jadi ya watoto imekuwa ikifanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Katika rede, mchezaji wa katikati hukwepa mpira wa matambara huku akijaza chupa mchanga. Humo mna kurusha, kudaka, kukwepa na kuinama. Mdako hufundisha mkono na jicho kushirikiana. Kombolela huhitaji mbio za ghafla na ujasiri wa kuwaokoa wenzake. Kuruka kamba hujenga pumzi na mdundo. Michezo hii haihitaji fedha, na watoto wa umri tofauti hucheza pamoja, mdogo akijifunza kwa mkubwa.

Mijini michezo hiyo inapungua kadiri viwanja vya wazi vinavyojengwa, magari yanavyoongezeka na simu na televisheni zinavyochukua muda wa watoto. Wasichana wengi hupoteza nafasi mapema zaidi, kwa sababu ya kazi za nyumbani na mitazamo kuhusu mavazi na mwenendo.

Mitaala ina nafasi ya mambo haya. Tanzania iliwahi kuwa na somo la Haiba na Michezo katika shule za msingi, na Mtaala wa Umilisi wa Kenya unajumuisha shughuli za mwendo tangu elimu ya awali. Hata hivyo, kipindi kilichopo kwenye ratiba huweza kugeuzwa cha hisabati mtihani unapokaribia. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari nchini Tanzania huibua vipaji, lakini kwa asili yake huchuja, na wachache huendelea hadi taifa. Kisomo cha mwili kinauliza juu ya wale waliobaki nyuma ya mchujo, ambao ndio wengi.

## Upimaji na ukosoaji

Nchini Kanada kuna kipimo cha watoto wa miaka 8 hadi 12 kinachounganisha majaribio ya mwili, idadi ya hatua kwa siku na maswali kuhusu hamasa na maarifa. Toleo lake la pili lina alama 100: 30 za umahiri wa mwili, 30 za mwenendo wa kila siku, 30 za hamasa na kujiamini, na 10 za maarifa. Wafuasi wa falsafa ya Whitehead huwa na wasiwasi kuhusu alama za namna hiyo. Hupendelea kufuatilia maendeleo ya mtu mmoja mmoja, kwani mtihani unaweza kurudisha ulinganisho uleule unaovunja moyo.

Wakosoaji husema fasili ni pana mno, kila nchi inaitafsiri kivyake, na ushahidi kwamba kisomo cha utotoni huleta moja kwa moja utu uzima wenye shughuli bado unahitaji tafiti za miaka mingi. Wengine hukumbusha kwamba hamasa peke yake haitoshi pasipokuwa na uwanja, njia salama ya waenda kwa miguu au muda baada ya kazi.

## Tazama pia

* Elimu
* Michezo
* Afya
* Magonjwa yasiyo ya kuambukiza