Binti Anyamazapo Mbele ya Wazee: Kwa Nini Wachumba Huulizwa Faraghani

Barazani Mji Mkongwe wanaume hubishana na kukatana kauli. Akipita mama mtu mzima, sauti hushuka na shikamoo hutangulia. Wanawake nao wakiwa uani peke yao huita mambo kwa majina yake, lakini akiingia mkwe maneno hufungwa. Lisilotamkika huvaliwa: maandishi ya kanga humfikia mlengwa, na mvaaji akiulizwa hujibu kwamba amejifunga nguo tu. (Wauza kanga wa Darajani wanalijua hili kuliko sisi mapadre.)

Hatuuiti huo unafiki. Katika Injili ya Yohane, sura ya nne, mwanamke Msamaria anamwita Yesu kwanza Myahudi, kisha Bwana, kisha nabii. Akirudi kwa watu wa mji wake hatangazi, bali anawauliza. Wanafunzi nao walistaajabu kwamba Bwana alikuwa akizungumza na mwanamke.

Adabu hiyo, hata hivyo, huleta tatizo katika ndoa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1057, yafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili, ambayo mwanadamu mwingine hawezi kuitoa kwa niaba yao. Kanuni ya 1104 yadai itamkwe kwa maneno, au kwa ishara kwa asiyeweza kusema. Na kanuni ya 1103 yaibatilisha ndoa iliyofungwa kwa nguvu au hofu kubwa. Binti akiulizwa mbele ya baba na wajomba huinamisha uso akanyamaza, na kwa mila ya pwani kunyamaza huko huhesabiwa kuwa kukubali. Huenda ni kweli. Huenda pia ni hofu, na paroko aliyeketi sebuleni hana njia ya kuvitofautisha.

Ndiyo maana kila mchumba huulizwa peke yake. Wazazi wengine huona tumewavunjia heshima, tunawaomba wavumilie. Hata hivyo padre naye ni mwanamume na huitwa baba, hivyo binti aweza kumjibu vilevile anavyomjibu mzazi wake. Twashauri azungumze kwanza na mama wa WAWATA, au na somo wake, kwa maana ya pwani na si mtakatifu wa jina lake. Kijana wa kiume naye, ajigambaye mbele ya rafiki zake, aghalabu huficha madeni mbele ya wakwe.

Mmoja wao akisema bado, tangazo la ndoa halisomwi Jumapili hiyo, wala sababu haielezwi hadharani.