Dirii za Ijumaa Kuu: Tuwavike Vijana Wetu Bila Kuwaumiza



Ndugu wasomaji, kila Kwaresima inapokaribia mwisho, vijana na watoto katika parokia nyingi hujiandaa kuigiza Mateso ya Bwana wetu. Mmoja huwa Pilato, wengine huwa wanawake wa Yerusalemu, na kundi kubwa huwa askari wa Kirumi. Hapa Dodoma ibada hii ina uzito wake. Wamisionari Wapasionisti, shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Paulo wa Msalaba mwaka 1720, ndio waliolea jimbo letu katika miaka yake ya mwanzo, na Askofu wa kwanza, Anthony Jeremiah Pesce, alikuwa mmoja wao. Shirika hilo lipo ili kuyatangaza Mateso ya Kristo.

Askari wa Kirumi hawezi kuigiza bila dirii kifuani na chapeo kichwani. Bati hukata na shaba ni ghali, kwa hiyo vijana hugeukia plastiki: madumu ya mafuta ya kula, ndoo zilizopasuka na vipande vya mabomba ya maji. Ubunifu huo ni wa kusifiwa, na kwa baadhi yao umekuwa kazi ya kupendeza ya jioni. Lakini plastiki inayovaliwa mwilini ina hatari mbili. Ya kwanza huja wakati wa kuitengeneza, na ya pili huja wakati wa kuivaa. Zote mbili zaweza kuepukwa bila gharama kubwa.

KAZI INAYOFANYIKA DUNIANI KOTE

Huko Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wazima wengi wanaotengeneza mavazi ya kivita ya plastiki kwa kujiburudisha tu. Wengi walivutiwa na askari weupe wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, ambao mavazi yao yalikuwa plastiki iliyopashwa moto na kufinyangwa. Mwaka 1997 huko Marekani kilianzishwa chama cha wapenzi wa mavazi hayo kiitwacho 501st Legion, ambacho wanachama wake huyavaa kwenda kuwatembelea watoto wagonjwa hospitalini.

Hapa nchini kwetu wapo mabingwa wa plastiki ya kuvaa ambao hawafanyi mchezo. Tangu mwaka 1981, chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia. Fundi huchukua kwanza umbo la mguu wa mgonjwa kwa plasta. Kisha hupasha moto bamba la plastiki na kulifinyanga juu ya umbo hilo la plasta, wala si juu ya mguu wenyewe. Sisi tunaotengeneza dirii za maigizo tunaweza kujifunza mengi kutoka kwao.

CHAGUA PLASTIKI ILIYO SALAMA

Geuza dumu au ndoo uangalie kitako chake. Mara nyingi utaona alama ya pembetatu yenye namba ndani. Namba 2 ni polietilini nzito, ambayo ndiyo ya madumu mengi. Namba 5 ni polipropilini, ambayo ndiyo ya ndoo nyingi. Hizi mbili zinafaa. Namba 3 ni PVC, ambayo ndiyo ya mabomba mengi ya maji. Hiyo itumike kwa uangalifu, kama tutakavyoeleza.

Jambo la kwanza kabisa ni kujua chombo kilibeba nini. Mkoa wetu ni wa zabibu, alizeti na mazao mengine yanayopuliziwa dawa. Dumu lililowahi kuwa na dawa ya wadudu au ya ukungu lisitengenezewe vazi kamwe, hata kama limeoshwa mara kumi na halina harufu. Baadhi ya dawa hizo hupenya ngozi, na ngozi yenye jasho huzipokea kwa urahisi zaidi. Ikiwa hakuna anayejua dumu limetoka wapi, liacheni. Chukueni la mafuta ya kula, mlioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha mlianike.

USIPASHE PLASTIKI JUU YA MKAA

Vijana wengi hukunja bomba kwa kuliweka juu ya jiko la mkaa hadi lianze kutoa moshi. Hapo ndipo madhara huanzia. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ambayo, ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu, hugeuka kuwa asidi. Mtu hukohoa, macho humwasha, na kifua humbana. Kwa mwenye pumu, moshi huo waweza kumfikisha hospitali usiku huohuo. Aidha, baadhi ya mabomba yana madini ya risasi ndani yake, na haya ni sumu hasa kwa watoto. Kwa sababu hiyo hata vumbi la msumeno lisivutwe wala lisiachwe mahali watoto wanapocheza.

Ipo njia iliyo bora. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi joto 80 hivi. Katika nyanda zetu za juu, Dodoma ikiwa na mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo maji ya moto yanatosha bila moto kuigusa plastiki. Kipande cha bomba kilichopasuliwa kwa urefu kitumbukizwe katika maji yaliyochemka kwa dakika chache. Kisha mtu mzima akitoe kwa koleo na kukikunja juu ya gogo au chupa iliyoviringishwa kitambaa. Kamwe kisikunjwe juu ya mguu wa mtoto. Sufuria iliyotumika isirudi jikoni kupikia.

Madumu na ndoo hayahitaji moto kabisa. Yakate kwa mkasi imara, toboa matundu, uunganishe vipande kwa kamba. Hapa tuseme wazi kuhusu gundi ya viatu: haishiki vizuri kwenye polietilini wala polipropilini, na mvuke wake hulevya, huumiza kichwa na kudhuru mishipa ya fahamu. Ya nini basi kuitumia? Rangi nayo hubanduka upesi kwenye dumu. Sugua kwanza kwa msasa, au funika dirii kwa kitambaa chenye rangi ya fedha ukishone kupitia matundu.

PIMA MTU, USIPIME MACHO

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17, tunasoma jinsi mfalme Sauli alivyomvika Daudi mavazi yake ya vita. Daudi alijaribu kutembea, akashindwa, akayavua. Vazi la mwingine lilikuwa mzigo kwake. Ndivyo ilivyo kwa mtoto wa darasa la tano anayevishwa dirii iliyotengenezwa kwa kipimo cha kaka yake.

Kwa hiyo kila mwigizaji apimwe mwenyewe: mzunguko wa kifua akiwa amevuta pumzi, upana wa mabega, urefu kutoka shingoni hadi kiunoni, na mzunguko wa kichwa. Halafu yazingatiwe haya:

1. Vidole viwili vipite kwa urahisi kati ya plastiki na mwili, shingoni na makwapani.

2. Dirii iishie juu ya kiuno, ili mtu aweze kukaa na kuinama bila ukingo kumchoma tumboni au mapajani.

3. Kingo zote zifunikwe kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliopasuliwa na kushonwa. Ukingo mtupu wa dumu hukata kama kisu.

4. Kifua na mgongo viwe vipande viwili vinavyofungwa ubavuni kwa fundo la kuvuta mara moja. Mtu akizimia, lazima vazi livuke upesi.

5. Chapeo iache macho, masikio na pua wazi. Ndani pawekwe vipande vya sponji ili isicheze.

6. Ndani pavaliwe fulana ya pamba yenye mikono, wala si nailoni.

Mafundi wa viungo bandia huogopa zaidi sehemu ambazo mfupa uko karibu na ngozi: mtulinga, ncha ya bega, nyonga, goti na muundi. Hapo plastiki ikibana huleta kidonda. Mwigizaji avae vazi lake kwa nusu saa wakati wa mazoezi, kisha avue na kukaguliwa ngozi. Wekundu ukitoweka ndani ya dakika 20 hadi 30, si neno. Ukibaki, au pakiuma, vazi likatwe au liongezwe sponji. Mwenye kisukari, au mwenye ganzi kutokana na ukoma, akaguliwe kwa makini zaidi, maana yeye huenda asisikie maumivu.

JUA, KIU NA MFUNGO

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Mwili hujipoza kwa jasho linapokauka juu ya ngozi. Plastiki huzuia jasho lisikauke, na joto hubaki ndani. Sasa fikiri: ni Ijumaa Kuu, Njia ya Msalaba inatembea barabarani mchana, jua limewaka, na askari wetu hajala tangu jana.

Kanisa linawataka waamini kuanzia umri wa miaka 18 hadi 59 wafunge siku hiyo, na kujinyima nyama kunaanzia miaka 14. Lakini maji hayavunji mfungo. Watoto hawadaiwi kufunga, na wagonjwa wamesamehewa. Kwa hiyo mwigizaji aliyekaa na kiu hakutimiza amri yoyote, amejihatarisha tu. Kila askari anywe maji kabla ya kuvaa, na apewe tena njiani katika vituo. Toboeni matundu mgongoni na chini ya makwapa ili hewa ipite. Vazi livaliwe mwanzo wa igizo tu, wala si tangu asubuhi, na livuliwe mara linapokwisha.

Wenye siko seli wapewe nafasi isiyohitaji dirii, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini huweza kuwaletea maumivu makali. Vivyo hivyo wenye kifafa na wajawazito. Kuna nafasi ya msomaji, ya mwimbaji na ya Simoni wa Kirene. Mzazi asione haya kumweleza katekista hali ya mwanawe.

HUDUMA YA KWANZA

Mwigizaji akilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au mikakamao ya misuli, mvueni vazi, mpelekeni kivulini, mpeni maji. Mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, unafaa sana. Akianza kuongea ovyo, kuyumba au kupoteza fahamu, huenda joto la mwili limepita nyuzi 40. Hiyo ni hatari ya kufa. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mkimbizeni hospitali mkiendelea kumpoza. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Aliyeungua wakati wa kutengeneza amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Plastiki iliyogandia kwenye ngozi isibanduliwe. Mpozeni na mpelekeni hivyohivyo kituo cha afya.

KWA VIONGOZI

Tunawaomba viongozi wa VIWAWA, walezi wa Utoto Mtakatifu na makatekista wafanye mambo matatu: wateue mtu mzima mmoja wa kusimamia utengenezaji, wafanye zoezi moja kamili na mavazi kabla ya Juma Kuu, na siku yenyewe wawaweke watu wawili wenye maji wasiohusika na igizo.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Waefeso akizitaja dirii, chapeo na ngao kuwa mfano wa ulinzi wa mkristo. Dirii ya kweli kazi yake ni kumlinda anayeivaa. Dirii ya igizo nayo isiwe chanzo cha madonda na kuzimia. Tahadhari kabla ya hatari, na kinga ni bora kuliko tiba.

Tunawatakia Kwaresima njema.