Kupandisha Kondoo Nje ya Majira Yake

Wafugaji wengi wamesikia habari za dawa impayo kondoo jike hamu ya dume wakati wo wote, nao huuliza kama yafaa kuinunua. Kabla hujatoa fedha yako, yakupasa kujua dawa hiyo hufanya kazi gani, na ni kondoo wa nchi gani waihitajio.

Katika Uingereza usiku wa majira ya joto ni mfupi sana, na wa majira ya baridi ni mrefu. Ndani ya ubongo wa kondoo mna tezi ndogo itoayo homoni iitwayo melatonini wakati wa giza. Usiku urefukapo homoni hiyo huzidi, na ubongo huziamuru ovari, yaani mahali yakomaapo mayai, zianze kazi. Kwa hiyo kondoo wa Suffolk huanza kutaka dume mwezi wa Septemba hivi. Baada ya majira hayo kupita, hukaa miezi mingi bila hamu.

Mfugaji wa huko atakaye kuwapandisha mapema hutia ndani ya uke wa kondoo sifongo ndogo yenye dawa mfano wa projesteroni, ikakaa siku 12 hadi 14. Projesteroni ndiyo homoni itunzayo mimba. Ikiwamo mwilini, yai halitoki. Sifongo ivutwapo, kizuizi huondoka ghafula, na siku iyo hiyo kondoo hupigwa sindano ya homoni ipatikanayo katika damu ya farasi jike mwenye mimba, ili kuamsha ovari. Baada ya siku 2 hivi kundi zima hutaka dume karibu pamoja. (Atiaye sifongo na avae glavu, mwanamke mwenye mimba asiiguse kabisa.)

Sasa tazama nyanda za juu za Kenya. Hapa mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima, na kondoo mwekundu wa Kimasai hana kifungo cha nuru. Akikosa joto, mara nyingi sababu ni njaa: amekonda, ama angali akinyonyesha. Sindano yaweza kulitoa yai, lakini haiongezi nyama mwilini. Tena huweza kuleta mapacha, au hata watatu, na mama aliyekonda hana maziwa ya kuwatosha. Utawazika wana-kondoo uliowalipia.

Iko njia isiyo na gharama. Watenge madume mwezi mzima, mbali na macho na pua za majike, kisha uwarudishe kwa ghafula. Harufu ya dume huamsha homoni za jike asiyekuwa na joto, na mayai hutoka baada ya siku chache. Ila mara ya kwanza kwa kawaida hapana dalili ya joto. Usikate tamaa. Wengi watapandwa kati ya siku ya 17 na ya 25.

Mimba huchukua siku 147 hivi. Basi ukitaka wazaliwe mwanzo wa Aprili, wakati wa mvua za masika, warudishe madume tarehe 20 Oktoba, na tangu mwanzo wa mwezi huo uwalishe majike katika malisho yako yaliyo bora.